Niko Macho, Daktari

Coleta alikuwa mwanamke wa kwanza kuendesha mashine ya kusaga pale mtaani Izia, na tangu wiki ya kwanza watu walikuwa wanangoja aumie. Hawakumwombea mabaya. Walingoja tu, kama watu wanavyongoja mvua waliyokwisha kuiona upande wa pili wa bonde.

Mashine ilikuwa ya Ngeleja, Msukuma aliyehamia Ufipa na kundi lake la ng'ombe. Biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, aliuza nusu ya kundi akanunua injini ya dizeli na kinu chake. Vijana wawili aliowaajiri kwanza walimtia hasara: mmoja alisahau kuongeza oili, mwingine aliiacha injini ikinguruma peke yake akaenda kukaa kilabuni. Wakati huo Coleta alikuwa mteja tu, mama mwenye debe lake la mahindi kichwani. Lakini mumewe, Gabriel, alikuwa fundi wa matrekta ya ushirika kabla hajaenda kwenye dhahabu ya Mpanda na kusahau kurudi, na kwa miaka minane Coleta ndiye aliyekuwa akimshikia taa na kumpa spana. Siku injini ya Ngeleja ilipokohoa na kuzima katikati ya foleni, alitua debe lake akasema, "Imeingiza hewa. Legeza ile nati ndogo hapo chini." Ngeleja akailegeza. Likatoka povu, kisha dizeli safi, na injini ikawaka. Wiki iliyofuata ufunguo wa banda ulikuwa kwa Coleta.

Aliumia mwezi wa tatu, mwaka tisini na tano. Mkanda unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kinu ulikuwa umechakaa, umeungwa kwa pini za chuma mahali pawili, na mara tatu alikuwa amemwambia Ngeleja kwamba haufai tena. Mara zote tatu Ngeleja alijibu, "Mwezi ujao, Mama Abel." Siku hiyo mkanda ukachomoka kwenye puli. Coleta alitaka kuzima injini. Ngeleja akamzuia: watu ni wengi, urudishe hivyo hivyo. Akaurudisha. Pini moja ikamnasa kiganja cha mkono wa kulia na kukipasua kuanzia chini ya kidole cha pete mpaka ukingoni.

Zahanati walimsafisha wakamshona nyuzi tisa. Ngozi ilipona vizuri. Vidole ndivyo vilivyogoma. Kidole cha pete na kile cha mwisho vilijikunja kuelekea kiganjani vikabaki hivyo, havinyooki wala havikunjiki zaidi. Alipofua vilinasa kwenye nguo. Aliposhika mpini wa jembe vilikaa katikati kama vijiti viwili vya mtu mwingine. Na wale waliokuwa wakingoja wakapata la kusema: si tulisema?

Kaka yake, Eustace, alikuja kwa lori kutoka Msanzi. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia tangu baba yao alipofariki, na mambo mazito yalipitia kwake. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akaketi naye mbele ya mpasuaji, Daktari Flavian, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa plasta upande mmoja. Daktari alivigeuza vile vidole, akavibonyeza, akavivuta mpaka Coleta akauma meno.

"Kuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza, naviondoa hivi viwili kuanzia kwenye shina. Ni kazi fupi, kidonda kinapona, mkono unabaki na vidole vitatu ambavyo havisumbuliwi na kitu. Ya pili, nafungua kiganja, nazitafuta kano, yaani zile kamba zinazovuta vidole. Zimegandamana na kovu. Nazibandua moja moja. Hiyo inafanywa mgonjwa akiwa macho. Nakuchoma ganzi kwenye mkono, na nikifika mahali nakwambia kunja, unakunja, naona kama kamba imefunguka. Inachukua muda, na inaweza isifaulu. Na kesho yake, mama, lazima uanze kuvichezesha na kidonda kibichi, la sivyo vinaganda upya."

"Ya kwanza," alisema Eustace.

"Ya pili," alisema Coleta.

Walisema kwa pamoja. Daktari akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akawaambia waende wakaelewane. Yeye alikuwa anasafiri. Angerudi baada ya wiki mbili.

Hawakuelewana. Walitembea kutoka hospitali mpaka Izia wakibishana, na upepo wa mwezi wa saba ukiwapuliza vumbi machoni. Eustace alikuwa na sababu yake, na Coleta aliijua. Baba yao, mzee Ignasi, aliwahi kukanyagwa na ng'ombe wa plau, kidole gumba cha mguu kikapondeka. Wauguzi walitaka kukiondoa. Mzee alikataa, akasema atazikwa na vidole vyake vyote kumi. Na kweli alizikwa navyo, baada ya wiki tatu.

"Mimi ndiye niliyembeba mgongoni," Eustace alisema. "Wewe ulikuwa mdogo. Harufu ile naijua mimi."

"Kidole cha baba kilikuwa kimeoza. Changu hakijaoza."

"Bado."

"Kaka, mimi siyo baba."

"Ndivyo na yeye alivyokuwa akisema, kwamba yeye siyo fulani, yeye siyo fulani."

Coleta aliongeza mwendo, si kwa kukubali. Alijua kwamba kaka yake akianza kumtaja baba, sauti humbadilika, na hapo huwezi kumwambia kitu kikaingia.

Miaka hiyo hospitali zilikuwa zimeanza kumwambia mgonjwa aje na vyake. Nesi Debora, mama mnene wa makamo aliyezaliwa Chala, alimwandikia Coleta karatasi: glovu jozi nne, uzi wa kushonea, bandeji, chupa mbili za dawa ya ganzi. Coleta aliipeleka kwenye duka la dawa lililofunguliwa mwaka huo karibu na soko, akarudi na kila kitu kwenye mfuko wa plastiki, akaukabidhi kwa mkono wake wa kushoto.

Wiki mbili zilipotimia Coleta alilazwa, na jioni ya kuamkia upasuaji Nesi Debora alikuja wodini na fomu. Coleta alikuwa ameenda kuoga. Eustace alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kitanda, amevaa koti lake la kanisani, kofia magotini.

Asubuhi Coleta alilazwa kwenye meza ya upasuaji, mkono wake wa kulia umenyooshwa juu ya ubao pembeni. Daktari Flavian alimchoma ganzi sehemu mbili kwenye kifundo cha mkono, kisha kiganjani kando ya kovu. Sindano za kiganjani ziliuma kama siafu. Kisha joto likapanda, kisha mkono ukaanza kuondoka: vidole kwanza, halafu kiganja, mpaka ukabaki pale ubaoni kama kitu ambacho mtu amekisahau. Alipoutazama aliujua ni wake kwa sababu ya kovu tu.

Nesi Debora akachukua faili. Ilikuwa desturi kusoma kwa sauti kabla ya kisu.

"Coleta Ignasi, miaka thelathini na minane. Mkono wa kulia. Kukata kidole cha nne na cha tano."

"Kufanya nini?" alisema Coleta.

"Tulia, mama," alisema Daktari Flavian. "Hutasikia maumivu."

"Sijauliza maumivu. Nimeuliza mnakata nini."

Daktari aliinua macho. "Ndivyo fomu inavyosema. Kaka yako alisaini jana."

"Kaka yangu ana vidole vyake kumi. Kama amesaini, mkate vya kwake."

Nesi Debora alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Daktari hakucheka. Alikirudisha kisu kwenye sinia, akachukua fomu kutoka kwa nesi, akaisoma mwenyewe.

"Nilidhani mmeelewana," alisema.

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Na kama ungenilaza usingizi, ningeamka navyo?"

Daktari Flavian angeweza kusema maneno mengi. Coleta alimwona akiyatafuta, na akamwona akiyaacha.

"Hapana," alisema daktari. "Usingeamka navyo."

"Basi niko macho, daktari. Na ganzi hii nimeinunua mwenyewe. Fanya ile ya pili."

"Nilikwambia inaweza isifaulu."

"Ulisema. Nilisikia. Nina masikio mawili, na hayo hakuna aliyeyasainia."

Ikabidi iandikwe fomu nyingine. Nesi Debora aliiandika juu ya faili, akaishika karibu na mkono wa kushoto wa Coleta, akampa kalamu. Coleta hakuwahi kuandika kwa kushoto. Aliandika jina lake lote kwa herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, akachukua muda, na hakukubali kuweka dole gumba ingawa Debora alimwambia inatosha. Alijua kusoma na kuandika; hakuona sababu ya kuonekana vinginevyo siku hiyo.

Maneno yalikuwa yamepenya mlangoni. Eustace alikuwa amesimama upande wa pili, na sasa aligonga kioo.

"Coleta! Usifanye hivyo! Utakufa kama baba!"

"Kaka, kaa hapo nje," alijibu bila kugeuza kichwa. "Kama unataka kusali, sali."

Daktari alimfunga mpira wa presha kwenye mkono wa juu, akaujaza upepo mpaka ukabana ili damu isishuke, akamweleza kwamba mpira huo ndio utakaomtesa, kwa sababu ganzi haifiki kule. Nesi akainua shuka kulitundika kati ya uso wa Coleta na mkono.

"Toa hilo pazia."

"Watu huzimia, Mama Abel."

"Nimekwisha kuona ndani ya injini. Toa."

Wakatoa. Akaona kisu kikipita juu ya kovu lake, na ngozi ikifunguka kimya kimya. Hakusikia kitu isipokuwa kuguswa, kama mtu anayeguswa juu ya blanketi. Ndani palikuwa na nyama ya kijivu, ngumu, imekauka kama gundi, na daktari aliichokoa kwa ncha ya mkasi polepole, akiinama mpaka miwani yake ikakaribia kugusa. Kisha chini ya ile gundi kikaonekana kitu cheupe kinachong'aa, chembamba kama utepe.

"Hiyo ndiyo kano ya kidole cha pete," alisema daktari. "Kunja."

Coleta akakunja. Yaani alikusudia kukunja, akatuma nguvu zote alizokuwa nazo, na kidole kikalala pale pale.

"Nimekunja."

"Bado imeshikwa juu." Mkasi ukaenda tena, ukakata, ukakwaruza. "Kunja."

Ile kamba nyeupe ikashtuka. Ikavutika kidogo, ikasita, ikateleza. Na kidole chake cha pete, ambacho tangu mwezi wa tatu hakikuwa kimemsikiliza, kikainama mpaka kikagusa ukingo wa kidonda.

"Nyoosha."

Kikanyooka. Hakukihisi hata kidogo. Alikiona tu kikimtii. Nesi Debora akasema, "Yesu na Maria." Coleta akajifuta uso begani; hakutaka watu wale wadhani analia.

Kidole cha mwisho kilikuwa kibaya zaidi. Daktari alichokoa, akauliza, Coleta akakunja, hakuna. Akachokoa tena. Mpira mkononi ulikuwa umeanza kuuma tangu zamani, kwanza kama kamba ya mzigo, baadaye kama mtu anayeusaga mkono wake kwa jiwe. Jasho lilimtiririka masikioni.

Daktari akasimama wima, akanyoosha mgongo.

"Mama, kwa mtu aliye macho, muda wa mpira umekwisha. Cha pete kimefunguka, hiyo ni kazi kubwa. Hiki kidogo kimeshikana vibaya. Ukiniruhusu nakiondoa sasa hivi, dakika kumi. Nikikiacha hivi kilivyo kitakunasa maisha yako yote."

"Au uendelee."

"Au niendelee, lakini huwezi kuvumilia."

"Mkono unaweza kukaa na huo mpira zaidi, bila kuharibika?"

"Mkono unaweza. Ni wewe."

"Mimi niachie mimi mwenyewe. Endelea."

Akaendelea. Coleta alimtukana Ngeleja, akautukana mkanda wake na mwezi wake ujao, akamtukana Gabriel na dhahabu ya Mpanda, kwa Kiswahili kwanza na halafu kwa Kifipa, ambacho Nesi Debora alikielewa neno kwa neno na akawa anaitikia kwa kichwa. Alipoishiwa watu wa kutukana aliikamata kanzu ya nesi kwa mkono wa kushoto, akaivuta mpaka kifungo kikakatika. Mkono wa kulia hakuuvuta. Ulibaki juu ya ubao kama ulivyowekwa.

"Kunja," alisema daktari.

Kidole kidogo kikatikisika.

"Tena."

Kikainama nusu. Hakikufika kiganjani. Daktari alijaribu mara mbili nyingine, kikafika pale pale. Akatikisa kichwa, akasema, "Hapo ndipo mwisho wangu. Nikizidi nitaikata kano yenyewe." Akalegeza mpira. Damu ikarudi mkononi kwa kishindo, na Coleta akapiga kelele kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo.

Kesho yake saa mbili asubuhi Daktari Flavian alimletea bandeji iliyoviringishwa akamwambia aibane. Ganzi ilikuwa imekwisha zamani. Eustace, ambaye alikuwa amelala kwenye benchi la nje, aligeukia dirishani.

"Tazama huku," Coleta alimwambia.

"Siwezi."

"Ulisaini ukiwa umefumba macho? Tazama."

Akatazama. Aliona vidole vilivyovimba, vyeusi kwa dawa, vikiizunguka ile bandeji polepole kuliko konokono, na uso wa dada yake ukikunjamana, na vidole vikifunguka tena.

"Nilidhani nakuokoa," alisema.

"Najua, kaka. Lakini ulinizunguka. Ulingoja niende kuoga."

Eustace hakurudi Msanzi. Kila asubuhi alikuja, akamsalimia, akainama akanusa bandeji ya mkono wake, kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yameharibika, kisha akakaa. Siku ya tano alinusa mara mbili, akasimama, akatoka mbio kumtafuta daktari. Palikuwa na usaha kidogo kwenye kona ya kidonda. Kwa siku sita Coleta alichomwa sindano asubuhi na jioni, na kwa siku hizo sita Eustace hakula cha kueleweka wala kumsemesha mtu. Usaha ukakauka. Daktari Flavian alimwambia kwamba pua yake ilikuwa imefanya kazi kubwa kuliko maabara. Eustace aliketi kwenye ngazi ya wodi akafunika uso kwa kofia, na Coleta akamwacha afunike.

Hata hivyo hakumwambia yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Alipotoka hospitali, alimwambia kaka yake jambo moja tu: karatasi yoyote yenye jina la Coleta, ataisaini Coleta mwenyewe.

Mwezi wa kumi, wakati magari ya kampeni yakipita na vipaza sauti, vyama vya rangi hii na rangi ile, Coleta alikwenda bandani kwa Ngeleja. Kidole cha pete kilikuwa kinakunja na kunyooka. Kile kidogo kilikunja nusu. Ngeleja alimpokea kwa furaha ya kweli, akampigia makofi, halafu akamwonyesha mpwa wake Shija, kijana aliyekuwa amesimama pembeni ya injini.

"Shija ameshaizoea sasa, Mama Abel. Lakini wewe nimekuwekea nafasi. Utakuwa unafagia unga na kupanga foleni. Kazi nyepesi, ya kukaa kivulini."

"Nani alikwambia nimekuja kufagia?"

"Na mkono huo?"

"Mkono huu uliumia kwa mkanda wako, ukiwa umenikataza kuzima injini. Leo ndio unauonea huruma?"

Wanawake kwenye foleni walitazama chini. Mmoja alimnong'oneza akubali, Mungu amemsaidia hata hapo alipofika. Coleta alimjibu kwa sauti ya kusikika na wote kwamba Mungu alimsaidia vidole, siyo ufagio, akajifunga kanga yake upya akaondoka.

Zamani angekuwa hana pa kwenda. Lakini mwaka ule mashine za watu binafsi zilikuwa zinaota mjini kama uyoga, na karibu na stendi mfanyabiashara mmoja, Felisian, aliyekuwa akinunua mahindi huko Chala, alikuwa amefungua ya kwake miezi miwili iliyopita. Mwendeshaji wake alikuwa ametoroka. Injini ilikuwa imelala na foleni imekaa chini.

Felisian aliutazama mkono kabla ya kuutazama uso. "Huo utaweza hendeli?"

"Niulize ikishawaka."

Akaishika hendeli kwa mkono wa kulia, kidole kidogo kimebaki juu, hakijui pa kushika. Akazungusha. Maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko na injini haikuwaka. Akazungusha tena, ikatoa moshi mweupe ikafa. Mtu kwenye foleni akacheka. Felisian akasogea kumpokea.

"Kaa hapo hapo," Coleta alisema.

Mara ya tatu ilikohoa, ikasita, ikashika. Banda likatetemeka. Watu wakainuka na madebe yao. Felisian alikuwa anasema kitu, lakini kwa kelele ile hakuna aliyemsikia, na Coleta alikuwa ameshainama kukaza nati aliyoiona imelegea.

Kidole kile hakijakunjika zaidi mpaka leo, na upepo wa baridi ukivuma hufa ganzi chenyewe. Eustace, kila akija mjini, huja na kiroba cha ulezi, ingawa Msanzi nako kuna mashine. Mara ya kwanza alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni, kama kaka mkubwa, akakitua kiroba mbele ya watu wote.

"Shikamoo, kaka," Coleta alimwambia kwa sauti ya kuzidi kelele za injini, na kidole chake cha pete kikimwonyesha njia. "Foleni inaanzia kule nyuma."